Minyoo wa Mama Zamu

Mama Zamu alikaa kwenye dawati la mapokezi la kliniki ya meno kwa miaka ishirini na miwili, na jina lake la kwenye cheti watu walishalisahau. Wagonjwa walimwita hivyo kwa sababu ya kauli yake moja, "zamu yako sasa," ambayo aliitamka kwa upole kiasi kwamba mtu alijikuta amesimama kabla hajakumbuka kuogopa. Hiyo ndiyo hasa ilikuwa kazi yake. Kuandika majina na kutafuta mafaili angeweza yeyote. Kumzuia mtu mzima mwenye ndevu na wajukuu asitoroke kupitia dirisha la choo, hapo palihitaji kipaji.

Daktari wa meno alikuwa mwanamke mdogo kwake kwa miaka kumi na mitano, mwenye mikono myepesi na maneno machache. Siku moja alirudi kutoka kwenye mkutano wa madaktari wenzake akiwa na wazo. Alikuwa amesikia kwamba mgonjwa akitazama samaki wakiogelea, moyo unatulia. Wiki iliyofuata likaletwa tangi la kioo, likawekwa kwenye meza ya chuma kati ya viti vya kusubiria na mtungi wa maji ya kunywa. Ndani mlikuwa na samaki wanane wa urefu wa kidole cha mwisho, migongo rangi ya shaba, mapezi ya buluu yenye ukingo mwekundu. Walipendeza kweli. Hakuna aliyemuuliza Mama Zamu lolote, lakini kufikia saa nne asubuhi ilikuwa imeshaeleweka kwamba kuwalisha ni kazi yake.

Tatizo lilianza siku ile ile. Chakula kilichokuja na tangi kilikuwa kikavu, vipande vyembamba kama maganda ya kitunguu. Samaki walikipokea mdomoni, wakakionja, wakakitema. Wakakifuata tena, wakakitema tena. Mama Zamu alijaribu kukisaga kwa kijiko, akajaribu kukiloweka, akajaribu hata kuwaacha na njaa siku nzima ili waheshimu. Hawakuheshimu. Siku ya kumi mmoja alionekana amelala ubavu, na kesho yake wa pili.

Wa tatu alichagua muda wake vibaya. Alielea juu, tumbo nje, mbele ya fundi mageti mmoja aliyefika kung'olewa gego. Huyu alikuwa mchomelea vyuma, mabega yake yalijaza mlango. Alimtazama yule samaki kwa muda, kisha akamgeukia Mama Zamu.

"Na huyu alikuja kung'oa?"

Kabla hajajibiwa alikuwa ameshafika barabarani, ameshika shavu.

Daktari alitoka na glavu zake, akakuta kiti kitupu. Akaambiwa yaliyotokea. Hakucheka.

"Mama, hili tangi linatisha watu kuliko mimi," alisema. "Mwisho wa mwezi litaondoka."

Mama Zamu hakuwa mtu wa kufuga. Maishani mwake hakuwahi kufuga hata kuku. Lakini mchana ule, alipokuwa anakula chakula chake cha kwenye kontena nyuma ya dawati, aliwaona wale watano waliobaki wamepanga mstari kwenye kioo, wanamtazama anavyotafuna. Kijiko kikamshinda. Hawa si wagonjwa, alijiambia. Wana njaa, na chakula kipo, ila hakuna anayejua wanachokitaka.

Jumamosi akaenda kwa muuza samaki wa mapambo, mzee mmoja mkondefu ambaye mtaa mzima ulimwita Mapezi. Duka lake lilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, joto kama bafuni, pampu zinanguruma kila kona. Mama Zamu alimweleza jinsi samaki wake wanavyotema.

"Mama," Mapezi alisema, "wewe ukiletewa karatasi ukaambiwa hii ni nyama, utakula?"

"Sili."

"Basi na wao hawali. Samaki wa aina hiyo anakula kinachotembea. Kisipotembea, kwake ni takataka."

Akainama chini ya meza, akatoa kopo la siagi lililotobolewa matundu kwenye kifuniko. Ndani mlikuwa na makumbi ya nazi yaliyosagwa, yenye unyevu, na juu yake kipande cha kioo. Akakiinua kile kioo na kukigeuza. Upande wa chini ulikuwa umejaa vitu vyeupe, vyembamba kama uzi wa kushonea, vinajisokota polepole.

Mama Zamu alirudisha mkono wake mfukoni bila kujua.

"Hawa ni minyoo."

"Ni minyoo, lakini si wale unaowafikiria. Hawa hawakai tumboni mwa mtu. Kwao ni kwenye udongo, na wanakula oti kama wewe asubuhi." Kisha akafungua kopo la pili. Hili lilikuwa na vipande vya mkaa ndani ya maji kidogo, na mwanzoni halikuonekana kuwa na kitu kingine. Mapezi akapuliza. Juu ya mkaa kukatokea mtimuo wa chembe nyeupe, ndogo kuliko ufuta, zinaruka huku na huko. "Na hivi mimi naviita viruka. Chakula chao ni ukungu na chembe mbili tatu za hamira. Ukivikung'uta juu ya maji vinaelea, havizami. Samaki anavifuata juu mwenyewe."

Akamgawia sehemu ya kila kopo, pamoja na maagizo, na maagizo yenyewe aliyarudia mara tatu kwa sababu alijua watu. Unyevu, giza, na kiasi. Oti ni za kubana kwa vidole viwili, zikiisha ndipo unaongeza. "Wakilala njaa siku moja si neno. Ukiwashibisha kupita kiasi, umewaua."

Nyumbani ilibidi apite kwa mumewe. Mumewe alikuwa fundi makochi, mtu mpole aliyefanya kazi kwenye banda la nyuma ya nyumba, nywele zake daima zina vumbi la sponji. Alisikiliza maelezo yote akiwa na misumari midogo mitatu mdomoni. Akaitoa mmoja mmoja.

"Hebu nikuelewe, mke wangu. Watu wanakunywa dawa ili kuondoa minyoo. Sisi tunawatafutia chumba."

"Si chumba. Kabati la chini, lile la masanduku."

"Na wakitoka?"

"Hawatoki. Wakitoka wanakauka."

"Basi mimi sijaona kitu," mumewe alisema, akarudisha misumari mdomoni. Kwake hiyo ilikuwa ruhusa kamili.

Jumatatu Mama Zamu alifika kazini na kikopo cha mafuta ya mgando yaliyokwisha, ndani kina minyoo kama thelathini kwenye tone la maji. Alikuwa amewazoa kutoka kwenye kioo kwa brashi ya rangi ya kucha, akawasuuza, na wakati wote huo alikuwa ametazama pembeni. Kliniki ilikuwa bado haijafunguliwa. Alifungua kikopo juu ya tangi, akakiinamisha.

Mnyoo wa kwanza hakufika hata katikati ya maji. Samaki mmoja alitoka nyuma ya jiwe kama aliyeitwa jina, akamdaka. Halafu wote watano wakaja. Walikimbizana, wakagongana, wawili wakashika mnyoo mmoja huku na huku wakavutana kama watoto na kamba. Mama Zamu aligundua kwamba amekaa kwenye kiti cha wagonjwa, na anacheka peke yake.

Kuanzia hapo ulishaji ukahamia saa nne, muda ambao kliniki hujaa. Minyoo walitiwa majini kila baada ya siku mbili. Katikati yake vilifuata viruka, na hivyo ndivyo watu walivyovipenda zaidi, kwa sababu samaki walipanda juu na kuvinyonya kimoja kimoja kwa sauti ndogo ya kubusu. Wagonjwa waliacha kutazama mlango wa daktari. Fundi mageti alirudi baada ya wiki mbili, shavu limevimba, na alipoitwa alinyoosha kidole.

"Subiri kidogo, mama. Yule wa pembeni hajapata."

Wakasubiri yule wa pembeni apate. Kisha fundi akaingia mwenyewe, bila kusukumwa. Mwisho wa mwezi ulifika ukapita, na daktari hakusema neno kuhusu tangi. Alinunua tu taa mpya ya kuliwekea juu.

Wakati mambo yakiwa mazuri hivyo, akaja wifi. Alikuwa dada mkubwa wa fundi makochi, mtunza stoo mstaafu wa shule ya bweni, mwanamke aliyehesabu vijiko kwa miaka thelathini na bado alikuwa anahesabu. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa goti na alihitaji mahali pa kukaa ambapo hapana ngazi. Wakampa chumba cha binti yao aliyeolewa. Siku ya tatu, Mama Zamu aliporudi kutoka kazini, alimkuta wifi amekaa sebuleni wima, mkongojo magotini, na kopo la siagi mezani mbele yake.

"Wifi," alisema, "nilikuwa natafuta shuka. Nimekuta hiki."

"Wifi yangu, ningekwambia."

"Niambie sasa."

Mama Zamu akamweleza. Samaki, daktari, Mapezi, yote. Wifi alisikiliza uso umekaza.

"Kwa hiyo mdogo wangu anaishi na minyoo kwenye nyumba yake mwenyewe."

Kutoka barazani sauti ya mdogo wake ikasema, "Mimi sijaona kitu, dada."

Wifi alitangaza kwamba hatakula chochote kilichopikwa na mikono iliyoshika kopo lile. Alishikilia msimamo huo mpaka saa mbili usiku, harufu ya chakula ilipomfikia. Lakini alidai kopo lihamishwe, likahamishwa, likapelekwa kwenye rafu ya chini ya banda la makochi. Na kila Mama Zamu alipotoka kuwalisha, wifi alikuwa dirishani, anatazama kwa jicho lile lile alilokuwa akilitumia kwa wanafunzi wenye mifuko iliyovimba.

Goti halikuwa na haraka. Kutwa nzima nyumba ilikuwa kimya. Mume yuko bandani, mke yuko kliniki, na wifi, ambaye alizoea kengele na kelele za watoto mia nne, alikuwa na redio na ukuta. Alianza kujikokota mpaka bandani "kunyoosha mguu." Mdogo wake alimwona mara moja mbili ameinama kwenye rafu, miwani ya kusomea imeteremka puani. Akafanya kama kawaida yake, hakuona kitu.

Huko kliniki samaki walishiba, wakanawiri, na rangi zao zikakoza. Mapezi alipopita siku moja kusafishwa meno, alitazama tangi akasema hawa sasa wako tayari kutaga. Wanahitaji tu nyuzi za kutagia, fungu la uzi laini unaoning'inia majini. Mama Zamu alilifikisha neno nyumbani wakati wa kula. Asubuhi akakuta mezani shada la uzi wa kijani wa kupambia mito, limefungwa kwenye kizibo kwa fundo la kifundi ambalo halifunguki. Mumewe alikuwa ameshaondoka kwenda kununua vitambaa.

Siku ya tano tangu shada liwekwe majini, Mama Zamu alilitoa, akalikamua taratibu kwa vidole, na kati ya nyuzi akahisi vitu vigumu kama chembe za sukari. Vilikuwa vya mviringo, vinapitisha mwanga. Akahesabu ishirini na sita. Daktari mwenyewe alitoka na ile miwani yake ya kukuzia, wakainama pamoja juu ya bakuli, vichwa vimegusana, na mgonjwa aliyekuwa ameachwa kwenye kiti cha ndani mdomo wazi akauliza kwa shida kama amesahauliwa.

Mayai yalihitaji wiki mbili. Katika wiki ya pili, Mama Zamu akatumwa kwenye semina ya mfumo mpya wa kutunza mafaili, siku tatu, mji mwingine. Akaogopa. Akafikiri: vifaranga wakitoka nikiwa sipo, nikirudi lazima minyoo wawe wengi. Akafungua kopo lake, akamwaga oti kama anayepika uji wa familia, na akaenda zake moyo umetulia.

Aliporudi alisikia harufu kabla hajafika bandani. Oti zilikuwa zimeota ukungu wa manyoya, chini yake kumechacha, na minyoo wachache waliobaki walikuwa wamepanda mpaka kwenye kifuniko wakakaukia hapo. Alichimba kwa kijiko. Hapakuwa na kitu kilichotikisika. Viruka vilikuwa salama kwenye mkaa wao, lakini vilikuwa vichache. Na siku hiyo hiyo daktari alikuwa amempigia simu kumwambia kwamba kwenye bakuli kuna vitu kama kope zenye macho, vinaogelea.

Alikaa kwenye kochi lililotolewa ngozi, kijiko mkononi, machozi yakimlengalenga. Duka la Mapezi lilikuwa limefungwa wiki nzima, alikuwa amekwenda kwa mwanawe.

Wifi akaingia na mkongojo wake. Akanusa.

"Umewalisha kama wageni wa harusi," alisema.

"Wifi, naomba leo usinisute."

"Sikusuti. Nifuate."

Akamwongoza mpaka chumbani kwake. Chini ya kitanda, nyuma ya viatu, kulikuwa na makopo matatu yamepangwa kwa mstari, kila moja limebandikwa karatasi yenye tarehe kwa mwandiko wa stoo. Wifi alivuta la kwanza kwa ncha ya mkongojo. Ndani hamkuwa na makumbi. Mlikuwa na vipande vya sponji vilivyolowana, mabaki ya makochi, na juu yake kioo, na chini ya kioo minyoo weupe, safi, wanasokotana kwa wingi ambao hata Mapezi hakuwa nao.

"Nilichukua kijiko kimoja cha wako mwezi uliopita," wifi alisema, akitazama ukuta. "Kwenye makumbi nilikuwa siwaoni vizuri. Nikajaribu sponji. Nasuuza kwa maji kila wiki, na chakula nawapa wakimaliza, si kabla. Hicho kikombe chenye kitambaa usikifungue karibu na pua."

Kikombe kilikuwa na uji mzito wa oti uliotiwa hamira, unanuka kama unga uliochacha. Kando yake, kwenye kuta za kikombe, ulikuwa umepanda ukungu unaometameta. Wifi akamvalisha Mama Zamu miwani yake. Ule haukuwa ukungu. Walikuwa minyoo wadogo mno, maelfu, wanapanda. Siku ile aliyokuja kusafishwa meno, Mapezi alikuwa amempa Mama Zamu mbegu yao ya kuanzishia kwa ajili ya vifaranga, na Mama Zamu akaisahau kwenye mkoba. Wifi ndiye aliyeikuta.

"Ulikuwa unapekua mkoba wangu?"

"Nilikuwa natafuta kalamu."

Mama Zamu alianza kucheka, akashindwa kuacha, akamkumbatia wifi yake mpaka mkongojo ukaanguka. Wifi alimvumilia kidogo, kisha akasema hayo makumbatio yatasaidia nini na watoto wana njaa.

Walifanya kazi pamoja tangu siku hiyo. Vifaranga ishirini na mmoja walipelekewa kliniki kila asubuhi wale minyoo wadogo, waliopanguswa kwa kidole kutoka kikombeni, na matumbo yao yakaonekana yamejaa kama punje za mchele. Ila Mama Zamu, kwa kuwa sasa walikuwa wanakaa pamoja muda mrefu, akaanza kuona jambo. Wifi alikuwa anatafuna upande mmoja, na shavu la upande wa pili lilikuwa limevimba kidogo. Mkate aliuchovya kwenye chai mpaka ukawa uji. Akimuuliza, jibu ni kwamba hana njaa.

Siku moja Mama Zamu aliacha kikopo cha chakula cha samaki nyumbani, na mara hii haikuwa kwa kusahau. Saa nne kasoro robo wifi alitokea mlangoni mwa kliniki, anahema, kikopo mkononi. Mama Zamu akampeleka kwenye tangi awalishe mwenyewe. Wifi alilisha kwa utaratibu, akiwakaripia wenye pupa. Daktari alikuwa amesimama nyuma yake.

"Mama, hilo shavu lina muda gani?"

"Mimi nimeleta minyoo," wifi alisema.

"Naona. Ahsante. Lina muda gani?"

Mwanamke aliyewahi kusimamisha mgomo wa wanafunzi kwa mwiko mkononi alikuwa ameshika ukingo wa meza ya chuma, vidole vimekakamaa. Mwishowe akasema, kwa sauti ambayo Mama Zamu hakuwahi kuisikia kwake, "Tangu kabla ya goti. Goti walinilaza usingizi. Hapa najua mtanifanyia nikiwa macho."

Mama Zamu hakutumia kauli yake ya kazini. Alimwomba mgonjwa mmoja aangalie dawati, akamshika wifi mkono, akaingia naye ndani, na akakaa kwenye kiti kidogo cha pembeni muda wote, akimsimulia polepole ni kifaranga yupi amekuwa mkubwa na ni yupi anaonea wenzake. Wifi alimminya vidole mpaka vikapoteza rangi. Jino lilitoka kwa dakika nne. Daktari alimwonyesha, na wifi, mdomo umekufa ganzi upande mmoja, akauliza jambo ambalo ilibidi alirudie mara tatu ndipo likaeleweka. Alitaka kujua kama hayo ndiyo yote.

Goti lilipona mwezi uliofuata, na wifi akarudi kwake na makopo mawili kwenye sanduku, yamezungushiwa shuka. Fundi mageti alitengeneza meza ya pili ya chuma, kwa sababu vifaranga walikua na tangi moja halikutosha. Wanne walikwenda kwa Mapezi, ambaye aliwatazama kwa muda mrefu kisha akauliza hiyo habari ya sponji ilikuwaje tena.

Juzi Jumapili wifi alipiga simu. Amenunua tangi lake, na shule yake ya zamani imemwomba aende kila Alhamisi kuwaonyesha watoto namna ya kufuga chakula cha samaki. Mama Zamu akamshauri aanze na viruka, maana vinachekesha, minyoo waje wiki ya pili watoto wakishazoea.

"Umechelewa, wifi," mwenzake alisema. "Nimeshaanza na minyoo. Wawili wamelia, na mmoja ameomba apewe wa kwake."